UZI: Hamira za mchuzi wa zabibu, dawa za kuzichuja, na kwa nini sahani zenu zinaota zulia

#1 Idodomya

Wakuu, mbukwenyi.

Uzi huu nimeuchelewesha tangu mavuno ya zabibu yaliyopita. Leo nauandika kwa sababu wiki hii vijana watatu wa mwaka wa mwisho wamenitumia ujumbe kwa nyakati tofauti, na kilio chao ni kimoja. Wamepandikiza jeni kwenye hamira, wamepaka seli kwenye sahani yenye dawa, na baada ya siku mbili kila kitu kimeota. Zilizopandikizwa zimeota, na zisizopandikizwa nazo zimeota. Zulia jeupe sahani nzima.

Mimi ni mteknolojia wa maabara hapa Dodoma, na kazi yangu ni hamira tunazozitoa kwenye mapipa ya mchuzi wa zabibu (juisi inayochachuka kuwa mvinyo) vijijini. Nitaeleza kwa Kiswahili chetu. Jambo hili hufundishwa haraka haraka, wanafunzi wakakariri namba bila kujua namba imetoka wapi.

Ukipandikiza DNA kwenye hamira kwa lithiamu asetati, njia ambayo watafiti wa Japani waliitangaza mwaka 1983, seli zinazoipokea na kuiingiza kwenye kromosomu ni chache mno. Unaanza na seli milioni mia moja, unaishia na makumi, ukibahatika mamia. Huwezi kuzitafuta kwa macho. Kwa hiyo pamoja na badiliko unalolitaka unaweka jeni ya pili ambayo kazi yake ni moja tu: kuifanya seli iliyobadilika iendelee kuishi pale wenzake wanapokufa. Hiyo ndiyo alama ya uteuzi.

Alama za zamani ni za chakula. Mbegu za hamira za maabara zimepunguzwa uwezo makusudi: hii haiwezi kujitengenezea urasili, ile haiwezi lusini, na bila vitu hivyo seli haikui. Unairudishia jeni iliyokosekana, unaipaka kwenye chakula kisicho na urasili, na inayoota ndiyo yako. Ni njia safi na nafuu, lakini hamira iliyotoka kwenye pipa la Hombolo haina upungufu wowote. Inajitengenezea kila kitu, tena ina nakala mbili za kila jeni, kwa hiyo ukiiharibu nakala moja ya pili inaendelea na kazi. Kwa mbegu kama hiyo alama ya chakula haina pa kushika. Hapo ndipo zinapoingia dawa zinazoua fangasi, maana hamira ni fangasi.

Nitaendelea. Maswali karibuni.

#2 Mama Maandazi

Mwanangu, hamira unayosema ni hii hii ninayokandia maandazi? Na kama ni fangasi, mbona hatuugui?

#3 Idodomya

Shikamoo mama. Ndiyo, ni jamii ile ile, Saccharomyces cerevisiae. Ya kwako imechaguliwa kwa kuumua unga, ya kwenye mchuzi wa zabibu imezoea sukari nyingi na kileo, ila ni ndugu. Fangasi ni kundi kubwa: uyoga umo, ukungu wa mkate umo, na wachache wanaowasababishia watu ugonjwa wamo. Hamira ya maandazi kwa mtu mwenye afya haina neno, na kwenye mafuta ya moto hufa.

Watu hudhani hamira ya mvinyo hukaa imejaa kwenye ganda la zabibu shambani. Kwenye tunda zima lisilopasuka, Saccharomyces ni adimu sana. Wanaotawala pale ni jamii nyingine za chachu. Hii yetu hupanda chati baada ya zabibu kukamuliwa na kileo kuanza kuwashinda wengine. Ndiyo maana sampuli zangu nachukua kwenye pipa linalochemka, siyo kwenye kichala.

#4 Idodomya

Sasa dawa zenyewe. Zinazotumika zaidi kwenye maabara za hamira ni tatu.

Ya kwanza ni G418, ndugu wa kanamisini. Jeni ya usugu wake ilitoka kwa bakteria, ikafungwa kati ya swichi ya kuwashia na ya kuzimia za fangasi mwingine aitwaye Ashbya gossypii, na kifurushi hicho kikaitwa kanMX. Kilitangazwa mwaka 1994. Kwa nini swichi za fangasi mwingine? Ili kipande kisifanane na DNA ya hamira yenyewe. Hamira hupachika kipande kipya mahali panapofanana nacho, na herufi za DNA arobaini au hamsini tu za kila upande zinatosha. Kifurushi kingefanana na kromosomu yake, kingejipachika pasipotakiwa.

Ya pili ni higromisini B, ya tatu nosiothrisini. Vifurushi vyake ni hphMX na natMX, vilivyotangazwa mwaka 1999 kwa umbo lile lile. Dozi zinazoandikwa kwenye karibu kila mwongozo kwa chakula cha kawaida cha hamira ni mikrogramu 200 kwa mililita za G418, 300 za higromisini, na 100 za nosiothrisini.

Zote tatu huvuruga ribosomu, pale seli inapotengenezea protini. Jeni ya usugu hutengeneza kimeng'enya kinachoishika dawa yenyewe na kuibandika kitu: fosfeti kwa mbili za kwanza, asetili kwa ile ya tatu. Dawa ikishabandikwa inakuwa kama ndama aliyefungwa mdomo. Yumo zizini, anazunguka, lakini chuchu haishiki.

Na ni alama inayotawala: nakala moja inatosha hata kama seli ina nakala nyingine isiyo nayo. Kwa hamira za pipani hilo ndilo tulilokuwa tunalitafuta.

#5 Kijana wa Ng'ong'ona

Shikamoo dada. Mimi ni mmoja wa wale watatu. G418 niliweka 200 kamili, nimepima mara mbili. Sahani ya ulinganisho isiyowekwa DNA imeota sawa na nyingine. Msimamizi anasema huenda mbegu ya Dodoma ina usugu wa asili. Inawezekana?

#6 Idodomya

Marahaba mdogo wangu. Inawezekana, lakini ni jambo la mwisho kuliamini. Nijibu matatu kwanza. Chakula cha kwenye sahani ni kipi? Unga wa dawa ulipimaje, kwa uzito wa unga au kwa nguvu iliyoandikwa kwenye chupa? Na agari, ile jeli inayoshikilia chakula kwenye sahani, ilikuwa na joto gani ulipoweka dawa?

#7 Kijana wa Ng'ong'ona

Dawa niliweka agari ilipofika digrii 55, nilipima kwa kipimajoto. Unga nilipima kwa uzito. Chakula… peptoni, ile protini iliyomeng'enywa, iliisha tangu mwezi uliopita na oda haijafika, kwa hiyo tulitumia chakula sanisi, ule unga wa naitrojeni wa hamira pamoja na glukosi.

#8 Idodomya

Umeshajibu swali lako mwenyewe. Makosa ni mawili, na yote niliwahi kuyafanya.

Kubwa ni chakula. Unga huo sanisi wa kawaida una amonia salfeti, gramu 5 kwa lita. Amonia salfeti huidhoofisha G418 kiasi kwamba hamira inaota kana kwamba hujaweka kitu. Namba 200 iliandikwa kwa ajili ya chakula chenye dondoo ya hamira, peptoni na glukosi. Ukibadilisha chakula, namba ile siyo yako tena.

Dawa yake ipo. Tafuta unga wa naitrojeni usio na amonia salfeti wala amino asidi, gramu 1.7 kwa lita, kisha mahali pa amonia weka sodiamu glutameti gramu 1 kwa lita. Hamira itapata naitrojeni yake na G418 itarudi makali.

Kosa la pili ni uzito. Unga wa G418 siyo dawa tupu. Chupa huandikwa nguvu yake, mara nyingi kama mikrogramu 700 kwa kila miligramu ya unga. Ukipima 200 kwa uzito umeweka kama 140. Kwa mbegu dhaifu za maabara 140 huenda ikaua, kwa mbegu ya pipani usitegemee. Mimi nilipoteza wiki sita hivyo. Nilikuwa naandika kwenye daftari kwamba mbegu ni sugu, kumbe sikuwa nimesoma lebo. Zile kurasa bado ninazo na huwaonyesha wanafunzi.

#9 Nesi Kondoa

Dada Idodomya, nimesoma yote kwa utulivu, na sasa nauliza kwa uzito. Sisi hospitali tunapigana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa kila siku. Watoto wanakuja na utandu mweupe mdomoni tunawapa nistatini, wagonjwa wa VVU wanakuja na homa ya uti wa mgongo ya fangasi tunawapa amfoterisini na flukonazoli. Leo nakuta watu wanatengeneza fangasi sugu kwa makusudi, hapa hapa Dodoma. Hivi mnafikiria kesho yetu?

#10 Idodomya

Dada yangu, asante kwa kuuliza. Sitalijibu kwa mkato.

Kwanza, dawa ulizotaja hatuzitumii kama alama, na sababu ya kitaalamu inakwenda pamoja na ile ya maadili. Nistatini na amfoterisini hushika ergosteroli, mafuta ya kwenye utando wa fangasi. Hakuna jeni moja nadhifu ya kuzifunga mdomo. Usugu wa nistatini kwa hamira hutokea jeni za kutengeneza ergosteroli zinapoharibika, seli inaota kwa kujikongoja, na usugu wenyewe hujificha kama nakala ya pili ni nzima. Kwa alama ni mbovu. Na hata ingefaa, mimi nisingeigusa dawa ya watoto wako.

Nistatini ina historia nzuri. Waliigundua wanawake wawili wa Marekani, Elizabeth Lee Hazen na Rachel Fuller Brown, wakiwa kwenye maabara mbili za jimbo la New York zilizo katika miji tofauti. Sampuli walikuwa wanatumiana kwa posta. Bakteria aliyeitoa alipatikana kwenye udongo wa shamba la familia ya Nourse huko Virginia, akaitwa Streptomyces noursei, nao wakaitangaza dawa mwaka 1950. Mapato ya hataza yake waliyaelekeza kwenye utafiti badala ya mifuko yao. Mwaka 1966 mtafiti wa hamira akaonyesha matumizi mengine: nistatini huua seli zinazokua na kuziacha zilizolala. Ukitaka hamira isiyojitengenezea lusini, weka mchanganyiko kwenye chakula kisicho na lusini kisha tia nistatini. Nzima zinakua zinakufa, yenye upungufu imelala inabaki. Yaani dawa inachagua aliyeshindwa kula.

Lakini najua swali lako lipo ndani zaidi, na hapa nataka uone kwamba hofu yako ina msingi. Nosiothrisini hutoka kwa Streptomyces noursei huyo huyo. Binadamu hatibiwi nayo. Mtu angesema basi haina shida. Ujerumani Mashariki miaka ya 1980 waliiweka kwenye chakula cha nguruwe ili wakue haraka. Jeni za usugu zikaonekana kwenye bakteria wa matumbo ya nguruwe, kisha kwa wafugaji na familia zao, kisha kwa watu wa mjini ambao hawakuwahi kukaribia zizi. Jeni hutembea. Kwa hiyo mtu akisema "hii ni dawa ya maabara tu" simkubalii aishie hapo.

Tunachofanya: hamira zenye alama hazitoki chumbani. Sahani zote hupita kwenye autoklevu, chungu cha mvuke wa shinikizo, digrii 121. Na wengi hawajui kwamba autoklevu inaua hamira lakini dawa za kundi la G418 hustahimili joto. Agari iliyopikwa bado ina makali. Haimwagwi kwenye sinki wala kwenye dampo, inakwenda kwenye tanuri la kuchomea taka. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo ilikuwa inamwagwa nyuma ya jengo, na mbwa wa jirani walikuwa wanaila. Niliondoka pale.

Higromisini nayo ni sumu kali kwa mtu. Glavu mbili na miwani, hata kama joto la Oktoba linakutoa jasho.

#11 Nesi Kondoa

Nimekuelewa, na hilo la agari nitalifikisha kwetu, maana sisi pia tuna maabara. Swali dogo: kanamisini ilikuwa dawa ya TB sugu. Jeni ya kanMX haiwezi kurudi kwa bakteria?

#12 Idodomya

Jeni yenyewe ilitoka kwa bakteria na tayari imo kwa wengi wao. Ila ndani ya kanMX inaongozwa na swichi ya fangasi, ambayo haikutengenezwa kwa bakteria. Hilo ni kizuizi lakini siyo ukuta, ndiyo maana nasisitiza tanuri. Hatua nzuri zaidi ni kuiondoa alama kazi ikiisha. Vipo vifurushi vyenye vituo vya loxP kila upande: unaleta kimeng'enya cha Cre, kinakata alama kwa ndani na kuacha kovu dogo. Siku hizi kwa CRISPR, mkasi wa kukata DNA mahali ulipopachagua, alama inakaa kwenye plasmidi ya muda tu (kiduara cha DNA kilicho nje ya kromosomu), ukiacha kuweka dawa plasmidi inapotea na mbegu inabaki bila jeni ya usugu.

#13 Mzee wa Hombolo

Binti, mimi nina ekari mbili za mizabibu. Niambie bila kuzunguka. Hizi hamira mtazileta kwenye mapipa yetu? Mahindi ya Makutupora tunayakumbuka.

#14 Idodomya

Shikamoo mzee. Hapana. Hamira yenye alama haiingii kwenye kitu cha kunywewa.

Kwa wasiokumbuka: pale Makutupora mwaka 2016 lilianza jaribio la mahindi yaliyobadilishwa jeni kwa ajili ya ukame, ndani ya uzio, na Novemba 2018 Serikali ikaagiza majaribio hayo yasimamishwe. Tuna kanuni za usalama wa bayoteknolojia za mwaka 2009 chini ya Sheria ya Mazingira, na kibali hutangulia kazi. Mtu yeyote anayesoma hapa akafikiri ataanzia jikoni kwake, asifanye hivyo.

Faida kwako ni hii. Nina mbegu ya pipa moja inayomaliza sukari yote hata chumba kikiwa cha moto, na nyingine ya kijiji cha pili inakwama katikati, mchuzi unabaki mtamu na kuharibika. Nataka kujua ni jeni ipi inayowatofautisha. Naitoa jeni moja nikiweka kanMX mahali pake, naangalia kama mbegu hodari inakwama. Nikishaijua, narudi kwenye mapipa kutafuta mbegu za asili zenye toleo zuri la jeni hiyo. Hizo ndizo zitakazokufikia, na hazina kitu cha kigeni ndani yake.

Kazi ya namna hiyo ilishafanyika kwa hamira ya maabara. Mpangilio mzima wa jeni zake, karibu 6,000 kwenye kromosomu 16, ulikamilika mwaka 1996. Kisha maabara za nchi nyingi zikagawana, zikaondoa karibu kila jeni moja moja kwa kanMX, mkusanyo ukakamilika kufikia 2002. Kama moja kati ya tano ilionekana haiwezi kuondolewa seli ikabaki hai. Mbegu za kwetu hazijapata mtu wa kuzifanyia hivyo, na ndiyo inayonikera na kunisukuma.

#15 Mzee wa Hombolo

Marahaba. Hapo umenena. Ukitaka sampuli za pipa langu nitumie ujumbe.

#16 Fundi wa Mapipa

Dada, naomba kuchangia kutoka upande wa kiwandani. Tunayo sahani yenye sikloheksimidi. Saccharomyces haioti hapo, ila chachu nyingine iitwayo Brettanomyces inaota, ndiyo tunavyomkamata kabla hajatia mvinyo harufu ya zizi. Hiyo nayo ni uteuzi?

#17 Idodomya

Ni uteuzi kabisa, tena wa asili. Sikloheksimidi hufunga ribosomu za hamira, na Brettanomyces kwa maumbile huistahimili. Saccharomyces nayo huweza kuwa sugu kwa badiliko dogo kwenye protini moja ya ribosomu, lakini usugu huo hujificha nakala nzima ikiwepo. Kwa mbegu zetu zenye nakala mbili hauonekani. Linganisha na kanMX uone kwa nini neno "inatawala" lina uzito.

#18 Kijana wa Ng'ong'ona

Dada, nimerudia. Peptoni bado haijaja, nimetumia glutameti kama ulivyosema. Nilipaka seli zisizo na DNA kwenye sahani za G418 za 0, 50, 100, 200, 300 na 400, nikihesabu kwa nguvu ya kwenye lebo. Kuanzia 200 ni safi, 100 bado kuna ukungu mwembamba. Mbegu haina usugu wowote.

Ila nilipopandikiza na kupaka moja kwa moja kwenye 200 nimepata koloni mbili tu, yaani vidoa viwili vya seli.

#19 Idodomya

Hongera kwa zile sahani sita. Hizo ndizo namba zako sasa, za mbegu yako na chakula chako. Ziandike ukutani.

Koloni mbili ni kwa sababu hukuwapa muda. Jeni ikishaingia, seli inahitaji kuisoma na kutengeneza kimeng'enya. Ukiiweka kwenye dawa papo hapo inakufa na jeni mkononi. Baada ya kuipasha digrii 42, iache kwenye chakula kisicho na dawa saa tatu au nne ikitikiswa, kwa digrii 30. Kwa alama za chakula haraka hii haina madhara makubwa, kwa dawa ina madhara.

Na siku ya kwanza au ya pili utaona zulia hafifu. Usiogope. Seli zisizo na jeni hugawanyika mara chache kabla G418 haijazimaliza. Chapa sahani nzima kwa kipande cha mahameli kwenye sahani mpya ya dawa, na zitakazokua nono pale ndizo za kweli. Unaondoa jeni gani?

#20 Kijana wa Ng'ong'ona

HO, ulivyowahi kushauri.

#21 Idodomya

Vizuri sana. HO ndiyo inayofanya mbegu za pipani zibadili jinsia na kujioa zenyewe, spora (seli ya uzazi yenye nakala moja) ikiota tu inarudi kuwa na nakala mbili. Ukiondoa nakala moja kwa kanMX kisha ukainyima chakula kwenye potasiamu asetati, itatoa vifuko vya spora nne. Mbili zitakuwa na kanMX, zibaki na nakala moja, zitulie. Mbili zisizo nayo zitajioa. Ukifika hapo una mbegu ya Dodoma inayoweza kuozeshwa: mume mwenye kanMX na mke mwenye natMX, unawapaka kwenye sahani yenye dawa zote mbili, na wanaoota ni ndoa zilizofungwa tu.

#22 Kijana wa Ng'ong'ona

Wiki tatu zimepita. Koloni zilikuwa 31. Nimetenganisha spora kwa sindano, vifuko kumi. Tisa vimetoka mbili kwa mbili kwenye G418, nilikaa naangalia tu sahani. Cha kumi kimetoka tatu sugu kwa moja. Nikitupe?

#23 Idodomya

Usikitupe. Wakati mwingine nakala moja huandika juu ya mwenzake wakati wa kutengeneza spora, na tatu kwa moja ya kweli hutokea. Lakini mara nyingi ni seli nzima isiyotoa spora iliyoburutwa na sindano, na hiyo nayo ina kanMX nakala moja.

Chukua koloni zote tatu sugu, zirudishe kwenye potasiamu asetati siku tano, kisha darubini. Ambayo itatoa vifuko ilikuwa seli nzima. Zote tatu zikikaa kimya bila spora, nipigie hata kama ni usiku.